Mlitupea Cheti cha Jiji. Basi Liko Wapi?

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa cheti cha jiji. La tano Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Tulipiga picha, tukabadilisha bio, tukaanza kuwaambia wasee wa Kitale na Kakamega wakija waingie jijini polepole. Mimi pia nilipost. Sina shida na sherehe.

Shida yangu ni kesho yake. Kesho yake asubuhi mtu wa Langas aliamka akatembea kwenda job kando ya barabara, kwenye ile sehemu ya vumbi kati ya lami na mtaro. Mtu wa Kimumu alikaa ndani ya mathree akingoja ijae. Mtu wa huku Sugoi alipanda nduthi hadi barabara kuu, akapanda mathree, akashuka mjini, na kama job iko mbali na steji akatafuta nduthi nyingine. Cheti kilikuja na hatukusonga tofauti hata hatua moja.

Nasema hivi, na mko huru kugombana nami kwenye komenti: jiji ni vile watu wake wanasafiri. Ukishaamua watu watasafiri vipi, umeamua wataishi wapi, watatumia pesa ngapi, watalima wapi na watapumua hewa gani. Eldoret inaamua hayo mambo sasa hivi, mwaka huu, na inaamua bila kutuuliza. Tukinyamaza tutapata Nairobi nyingine, ile ile ya foleni, tofauti ikiwa tu kwamba hii yetu ina baridi asubuhi.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Wewe uliacha chuo, unajua nini kuhusu mipango ya miji?" Ni kweli niliacha, mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Lakini ukiishi Sugoi na shughuli zako ziko Eldoret, unasomea ndani ya mathree. Mtihani ni kila siku na karo ni nauli.

Na kabla hamjaanza lile lingine: ndiyo, Sugoi ndiko nyumbani kwa Rais Ruto. Watu wakisikia natoka huku wanadhani tunalala juu ya lami. Msafara ukija unapita, vumbi linatulia, sisi tunarudi steji kungoja. Kuwa jirani wa mkubwa hakukupatii basi.

LAMI HUZAA PLOTI

Angalia Eldoret ilitoka wapi. Wazee bado wanaiita Sisibo, kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba namba 64, mahali posta ilipofunguliwa mwaka 1910. Jina Eldoret lilikuja 1912. Mizigo ilikuwa inaletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mvua ya huku mnaijua, matope yanameza gurudumu. Halafu mwaka 1924 reli ikafika. Mahindi na ngano zikapata njia ya kutoka, na kijiji cha posta kikawa mji wenye kazi. Baadaye barabara kuu ya kwenda Malaba ikapita katikati, na maduka yakajipanga kando yake kama nguo kwenye kamba. Hadi leo barabara yetu kubwa kabisa katikati ya jiji inaitwa Uganda Road. Imebeba jina la kule inakoenda. Sisi tulikuwa mahali pa kupitia tu.

Kwa hivyo hakuna jipya. Usafiri ndio uliotuzaa. Swali ni unatuzaa vipi sasa.

Sasa unatuzaa hivi. Lami ikifika mahali, hata kabla ya mtaro kukauka, bango linasimama: "Ploti 50 kwa 100, dakika 5 kutoka lami." Mzee aliyekuwa na eka zake za mahindi anapigiwa simu na broka. Eka moja inakatwa vipande vinane, au saba ukitoa njia ya kupita. Mahindi ya mwisho yanavunwa, nguzo za zege zinasimamishwa, waya inavutwa. Kuanzia huku upande wa Turbo hadi Kapseret hadi barabara ya Iten, hadithi ni hiyo hiyo.

Simlaumu mzee. Bei ya mbolea anaijua yeye, na ada za watoto pia. Simlaumu hata kijana anayenunua, kwa sababu kila mtu anataka pa kuita kwake. Nalaumu mpango, au tuseme ukosefu wake. Uasin Gishu ndiyo inajaza ghala la unga la nchi hii, na tunaikata vipande kwa kufuata barabara, bila mtu kuuliza: hawa watu wote watafika mjini vipi?

Basi haliwezi kufanya kazi mahali nyumba zimetawanyika. Basi linahitaji watu wengi karibu na mstari mmoja, ili lijae bila kungoja saa nzima na liondoke kwa saa inayojulikana. Ukitawanya nyumba elfu moja kwenye mashamba, kila moja na kinjia chake cha matope, hakuna mwenye basi atakayekuja. Kinachokuja ni nduthi. Na anayepata pesa kidogo ananunua gari kuukuu, na hilo gari linaingia Uganda Road saa moja asubuhi pamoja na mengine yote.

Si usafiri pekee. Bomba la maji linatakiwa kwenda mbali zaidi kwa watu wachache zaidi. Bomba la majitaka halifiki kabisa, kwa hivyo kila mtu anachimba choo chake karibu na kisima cha jirani. Gari la taka haliji. Ambulensi inapotea. Ndiyo maana ploti ni ya bei rahisi na maisha ndani yake ni ghali.

Tupige hesabu. Tuseme unalipa soo kwenda na soo kurudi, na nduthi ya hamsini kila upande. Hiyo ni 300 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 7,800. Kama mshahara wako ni 15,000, zaidi ya nusu imebaki barabarani kabla hujanunua unga. Hiyo ni kodi ya nyumba ambayo broka hakuiandika kwenye bango.

BYPASS NI NZURI, LAKINI IANGALIENI

Tuseme ukweli pale pazuri. Bypass ya Eldoret, ile ya kama kilomita 32 inayotokea upande wa Cheplaskei kupitia Kapseret hadi Leseru, ni kazi ya maana. Ilijengwa kwa pesa za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwenye mradi mmoja na ile barabara inayounganisha Kitale na Kapchorwa kule Uganda kupitia Suam. Lori la kwenda Malaba halina tena sababu ya kukwaruzana na mama mboga katikati ya mji. Naiunga mkono asilimia mia.

Lakini bypass ikiachwa bila ulinzi hugeuka kuwa barabara ya mtaa. Kwanza kinakuja kibanda cha kuosha magari. Halafu petroli stesheni, kisha ploti, kisha soko, kisha matuta kwa sababu watoto wanavuka kwenda shule. Mwishowe lori linatambaa pale pale lilipotakiwa kupita mbio, na serikali inaanza kutafuta bypass ya bypass.

Mnadhani natisha? Nendeni Eastern Bypass, Nairobi. Ilijengwa ili magari yazunguke mji. Utawala na Ruai zikamea kando yake kama uyoga, foleni ikahamia huko, na baada ya miaka michache tu ikabidi ipanuliwe. Hakuna aliyeshangaa ila waliokuwa na kazi ya kupanga.

NAIROBI WALISHATUFANYIA MAJARIBIO

Raha ya kuwa jiji la tano ni kwamba wengine wameanguka mbele yako. Unaona shimo liko wapi.

Thika Road ilikamilika mwaka 2012. Karibu kilomita 50, na upande wa mjini ina njia nane. Ilikuwa fahari ya Afrika Mashariki nzima. Kilichofuata? Safari ikawa rahisi, kwa hivyo watu wakahamia mbali. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja yakageuka kuwa ghorofa za bedsita. Kila ghorofa ikaongeza watu, watu wakaongeza mathree na magari, na barabara ya njia nane ikajaa. Sasa mtu anaamka saa kumi usiku huko Juja ili afike tao kabla ya wengine wenye wazo lile lile.

Wakaona makosa, wakasema watatenga njia ya mabasi ya kasi. Mamlaka ya usafiri wa Nairobi, NaMATA, iliundwa mwaka 2017. Kabla ya korona wakapaka mstari mwekundu kwenye lami ya Thika Road, njia ya mabasi pekee. Rangi ilikuja. Mabasi hayakuja. Rangi ikafutwa na tairi za kila mtu.

Halafu mwaka 2022 Expressway ikafunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ukilipa unapita juu. Nzuri kwa picha za droni, na mimi mwenyewe ningetaka kuzipiga. Lakini tafiti za usafiri za Nairobi zimeonyesha kwamba takribani safari 4 kati ya 10 ni za miguu. Za miguu! Mji ambao watu wengi hivyo wanatembea ulijenga barabara ya juu ya kulipia kwa wenye magari, na wale wa chini wakaachiwa kivuli chake.

Hili si tatizo la Waafrika pekee, msije mkaanza kujitukana. Houston, kule Marekani, walipanua Katy Freeway hadi sehemu nyingine ina njia zaidi ya 20 ukihesabu zile za pembeni. Kazi iliisha 2008. Baada ya miaka michache foleni ya jioni ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Pesa walikuwa nazo, mainjinia walikuwa nao. Barabara kubwa huita magari, hiyo ndiyo tabia yake, iwe Texas iwe Kasarani.

"LAKINI ELDORET NI NDOGO"

Hii ndiyo komenti ninayoipata zaidi. Kwamba mabasi ya mpango ni mambo ya miji mikubwa, sisi tuna watu wachache, tungoje.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 Eldoret mjini. Sasa sikizeni hadithi ya Curitiba, Brazil. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa mji wa watu takribani laki 6. Si tofauti sana na sisi. Meya wao, Jaime Lerner, hakungoja foleni. Walichagua mistari mikubwa michache ya kutoka katikati ya mji, wakatenga njia ya mabasi pekee, na basi la kwanza la njia hiyo likaanza mwaka 1974. Halafu wakafanya kitu kilicho muhimu kuliko basi lenyewe: waliruhusu ghorofa ndefu zijengwe kando ya mistari hiyo, na mbali nayo wakazuia. Mji ukakua ukifuata basi. Leo una watu zaidi ya milioni 1.7 na dunia nzima inaenda kujifunza pale.

Walifanya hivyo wakiwa wadogo, na walifaulu kwa sababu walikuwa wadogo. Ardhi ilikuwa bado haijajaa nyumba. Ukingoja uwe mkubwa, kutenga njia kunamaanisha tingatinga. Waulizeni watu wa Kibera. Julai 2018 maelfu waliamshwa nyumba zao zikibomolewa, na shule pia, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Hiyo ndiyo bei ya kupanga ukiwa umechelewa, na wanaoilipa ni wenye kidogo.

Hamtaki mfano wa Brazil? Twendeni Dar es Salaam. Mwendokasi ulianza Mei 2016, mstari wa kwanza wa kama kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni na matawi yake. Mtu wa Kimara aliyekuwa anakaa kwenye daladala saa mbili akaanza kufika mjini kwa muda ambao angeweza kuutaja kabla hajaondoka nyumbani. Najua pia shida zake, Wadar wenyewe wanazipigia kelele kila siku: mabasi machache, msongamano vituoni, karakana ya Jangwani kujaa maji mvua zikija. Mimi najifunza mawili hapo. Njia ya peke yake inafanya kazi. Na ukijenga njia bila kununua mabasi ya kutosha, umejenga foleni ya watu badala ya magari.

MATHREE NA NDUTHI SI ADUI

Msinielewe vibaya. Sitaki kanjo waje wafukuze mathree mjini halafu waite hiyo mpango.

Mathree zilizaliwa kwa sababu mabasi rasmi hayakuwafikia watu wa kawaida. Jina lenyewe linatokana na senti za nauli, mapeni matatu. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu zibebe abiria bila ile leseni ya mabasi, na tangu hapo ndizo zimeshika nchi. Nduthi nazo zilijaa baada ya ushuru kuondolewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Vijana waliokosa kazi wakapata kazi, na vijiji ambavyo havijawahi kuona gari vikapata njia ya kufika hospitali. Nusu ya marafiki zangu ni watu wa nduthi. Mkiwagusa mnanigusa.

Lakini angalia mtego. Dereva wa mathree anatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu kila jioni. Asipojaza hapati kitu. Kwa hivyo lazima angoje steji hadi ijae, lazima akimbize, lazima apandishe nauli mvua ikinyesha. Tunamtukana yeye, kumbe ni mpangilio unaomtukana yeye na sisi pamoja. Mahali pengine wenye magari wanalipwa kwa kilomita na kwa kufuata saa. Makanga halazimiki kupiga kelele, na abiria wa saa tatu usiku anapata gari hata kama viti vitano ni vitupu.

Huyo abiria wa saa tatu usiku ni nani? Mara nyingi ni msichana anayefunga duka la simu ama anatoka shifti hospitalini. Mathree za upande wake zimeisha. Kilichobaki ni nduthi ya mtu asiyemjua, kwenye njia isiyo na taa. Mkiongea usafiri kama hadithi ya foleni pekee, mnamsahau. Kwake, basi la mwisho ni usalama.

Na msiniambie hakuna pesa. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli ama dizeli ina shilingi 25 ya kutunza barabara. Ilikuwa 18. Huna gari? Unalipa vile vile, iko ndani ya nauli yako na ndani ya bei ya sukuma iliyoletwa kwa pikapu. Anayetembea kutoka Langas anachangia kila akinunua nyanya, na bado hana hata mita moja ya kukanyaga isiyo matope. Sisi tunajiita Jiji la Mabingwa. Dunia nzima inakuja kuona wakimbiaji wa huku, na hao wakimbiaji asubuhi wanagawana ukingo wa lami na malori.

Wengine mtasema jibu ni magari ya stima. Mimi nayapenda. Mabasi ya BasiGo yalianza Nairobi mwaka 2022, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo hewa inabaki safi kweli. Lakini magari hamsini ya stima, kila moja na mtu mmoja ndani, yanaziba Uganda Road sawa na hamsini ya petroli. Anza na basi, kisha liwe la stima.

RELI IMELALA HAPA HAPA

Hii ndiyo inaniuma zaidi kama mtu wa Sugoi. Ile reli iliyoleta mji mwaka 1924 haikuishia Eldoret. Iliendelea hadi Leseru, hadi Turbo, hadi Webuye na Malaba. Angalia ramani: inapita kwetu kabisa. Njia iko, ardhi yake ilitengwa miaka mia moja iliyopita, haihitaji kubomoa nyumba ya mtu yeyote. Kinachopita ni mabehewa ya mizigo, mara moja moja. Treni ya abiria ya kila siku ya kuleta watu wa Turbo na Leseru mjini asubuhi na kuwarudisha jioni? Haipo.

Nairobi walifungua stesheni ya Syokimau mwaka 2012 na kuanza kubeba wafanyakazi kwenye reli ile ile ya zamani. Haikuwa muujiza, ni mabehewa na ratiba. Kwa nini mtu wa Syokimau anastahili na wa Turbo hastahili?

KAZI YA NANI?

Hapa ndipo viongozi hupenda kututupa. Ukiuliza kaunti, wanasema barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa. Ukiuliza taifa, wanasema mambo ya mji ni ya kaunti. Kwa hivyo tusome wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Haya manne yameandikwa. Ni kweli Uganda Road na bypass ni za taifa. Lakini mathree inaondoka saa ngapi, steji inakaa wapi, njia ya miguu ya Langas ina taa ama haina, ploti zinakatwa wapi: hayo ni ya nyumbani.

Na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka kila jiji liwe na mpango jumuishi wa maendeleo, na wakazi wasikizwe. Sheria hiyo hiyo ndiyo ilituruhusu tuitwe jiji, baada ya kiwango cha watu kushushwa hadi 250,000 mwaka 2019. Hatuwezi kuchukua jina na kuacha masharti.

Mimi nataka manne.

Moja, njia za miguu na baiskeli zenye taa, kutoka Langas, Huruma na Maili Nne hadi katikati ya mji, kabla ya kupanua barabara yoyote ya magari. Ndizo za bei rahisi kuliko zote na ndizo zinazotumiwa na wengi.

Mbili, ardhi ya mistari mitatu ya mabasi itengwe sasa na iwekwe kwenye ramani: Uganda Road kutoka Maili Nne hadi Annex, barabara ya Kisumu hadi Langas, barabara ya Iten hadi Kimumu. Hata kama basi la kwanza litakuja baada ya miaka mitano. Mathree zilizoko ndizo zipewe kazi, kwa mkataba wa kilomita na ratiba, na gari la mwisho liondoke saa nne usiku.

Tatu, nyumba zifuate mabasi. Anayetaka kujenga ghorofa nne kando ya mistari hiyo arahisishiwe. Anayetaka kukata eka hamsini za mahindi mahali hakuna usafiri wala maji, aambiwe hapana.

Nne, treni ya asubuhi na jioni, Turbo hadi Eldoret, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Isipojaa, njooni mnicheke hapa hapa.

Hayo yote hayahitaji droni wala barabara ya juu. Yanahitaji mtu aseme hapana kwa broka na ndiyo kwa anayetembea, na wanasiasa wetu wamezoea kinyume. Kukata utepe wa lami kunaleta kura. Kuchora mstari kwenye ramani ili mjukuu wa mtu asibomolewe nyumba hakuleti picha.

Ndiyo maana lazima sisi tupige kelele. Mwaka 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wa umri wetu, kwenye simu. Tunaweza kusoma mpango wa jiji pia. Kikao cha maoni ya umma kikitangazwa, usiwaachie wazee watatu na broka. Enda. Uliza swali moja: mstari wa basi uko wapi kwenye hii ramani? Wakikuonyesha mall, rudia swali.

Kwa sasa, tuanzie kwenye komenti. Andika unatoka mtaa gani, unaenda wapi, unalipa ngapi kwa siku, unangoja dakika ngapi steji, na gari la mwisho la kwenu linaondoka saa ngapi. Msiandike majina. Nitayakusanya yote, nitayachapisha hapa, kisha nitayapeleka ofisi ya kaunti na kuwaambia walichonijibu.